Petroli au Dizeli, na Mama Anangoja Kilimani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nanunua gari! Si gari la kuzugia mjini. Fowili, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Limetumika, ndiyo, lakini lina heshima zake.

Sababu iko wazi. Mama mkwe anakaa juu kabisa kilimani, barabara ya udongo mtupu, na magoti yake yamegoma. Hajamwona mjukuu wake tangu azaliwe. (Mtoto tunamwita Mheshimiwa, maana kazi hafanyi, kelele anapiga, na nyumba nzima inamtumikia.) Mvua zikianza, ile barabara haipitiki tena mpaka Mungu apende.

Mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu, amejitolea kumleta Mama kwa pikapu yake. Pikapu ya dizeli. Unaisikia kwanza, kumwona yeye ni baadaye sana. Nikamwambia ahsante, Mama ataletwa na baba wa mtoto. Mke wangu akauliza, kwa gari lipi? Nikasema liko njiani. Amenipa mpaka Jumamosi. Ikipita hiyo, anampigia Mwanyumba.

Jioni nikamkuta jikoni anafuta macho. Akasema vitunguu. Tulikuwa tunapika chai. Anamtaka mama yake tu, basi, na mimi ndiye niliyemzuilia. Nililala vibaya.

Jumanne, 4 Machi

Swali moja tu limebaki. Petroli au dizeli? Mwanyumba ni dizeli, kwa hiyo mimi ni petroli. Lakini mtu mzima hawezi kutoa sababu ya namna hiyo hadharani. Lazima nipate ushahidi.

Mbinu: niwachokonoe wateja hapa kinyozini kwangu, nijifanye namuulizia rafiki yangu. Kosa kubwa! Mteja mmoja, mpaka rangi, akaanza: petroli haina kelele, asubuhi inawaka bila kubembelezwa. Mwashi, aliyekuwa kitini kwangu, akamjibu kwamba petroli inakunywa mafuta kama imealikwa harusini, dizeli ndiyo inayopanda mlima na mzigo. Mpaka rangi akasema pampu ya dizeli ikifa, utauza mpaka kitanda. Mwashi akainuka kuonyesha kwa mikono jinsi dizeli inavyojitoa kwenye tope. Akaonyesha mpaka mlangoni. Akaonyesha mpaka barabarani. Hakurudi.

Amekuja jioni amevaa kofia, amekasirika. Upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Nikammalizia bure. Wote wawili wameniuliza rafiki yangu huyo ameamua nini. Nikasema petroli. Sasa mtaa mzima unajua.

Jumatano, 5 Machi

Kwa fundi. Mke wangu akataka tufuatane, na Mheshimiwa mgongoni. Fundi akauliza gari litafanya kazi gani. Nikamweleza: kuvuka mito, majangwa, pengine misitu. Fundi akamgeukia mke wangu, akauliza tena. Mke wangu akasema: kwa mama, na sokoni.

Fundi akasema kama ni sokoni tu, petroli inatosha. Kama ni kilima kile na mizigo, dizeli haitamwangusha mtu. Ila lolote lile, tuangalie kwanza lilitunzwaje na mwenyewe.

Jibu la kipuuzi kabisa. Nilitaka kuambiwa lipi litampita Mwanyumba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumejaribu mawili. La petroli ni la mwalimu mstaafu. Safi! Tulivu! Ukiwa ndani unasikia saa ya mkononi. Tatizo ni kwamba unamsikia na Mheshimiwa. Alilia toka getini kwa mwalimu mpaka tuliporudi getini kwa mwalimu. Mwalimu akauliza kama tumemfinya.

La dizeli ni la mkandarasi. Linanguruma, linatetemeka, vioo vinagonga meno. Kona ya kwanza hatujafika, Mheshimiwa kalala. Nikatazama kwenye kioo, mke wangu naye kalala, mdomo wazi, mkono kwenye mguu wa mtoto. Hajapata usingizi wa maana tangu ajifungue. Sikuwa na roho ya kusimama. Nikazunguka. Nikazunguka tena. Mkandarasi akapiga simu kuuliza kama aende polisi.

Nimelinunua. Ningefanyaje? Nawapenda hawa watu wawili mpaka nakosa akili.

Lakini aibu! Wiki nzima nahubiri petroli. Mwanyumba akijua, nitachekwa mpaka siku yangu ya kuzikwa. Kwa hiyo hatajua. Nimemwambia mke wangu iwe siri yetu. Akaniuliza ni nani atakayetaka kujua.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Nikatoka peke yangu alfajiri, shati limepigwa pasi, nikapita kituo cha mafuta. Nimezima injini tu, nani anaingia? Pikapu. Kelele zote zile. Mwanyumba akatoa kichwa dirishani, akapongeza gari, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kama hatimaye nimechukua petroli au dizeli.

Nikasema petroli. Nani mwingine angesema tofauti? Mhudumu naye alikuwa anasikiliza. Akashika mpira wa petroli. Akaniuliza, nijaze?

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Lakini Mwanyumba alikuwa ananitazama na lile tabasamu lake.

Nikasema jaza.

Nilijiambia dizeli iliyokuwemo itaizidi nguvu petroli. Ikaizidi kwa muda, kweli. Nilipoanza kupanda kilima, gari likakohoa. Likagonga. Likatoa moshi, likajitahidi maskini, na kwenye kona ya mwisho, nyumba ya Mama naiona kabisa, likafa.

Nikakaa pale kichwa juu ya usukani. Nikamwazia mke wangu, jinsi alivyotandika kitanda cha mama yake toka jana, akatandua, akatandika upya. Nikaona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

Mara nikasikia ngurumo nyuma. Sijawahi kufurahi kuisikia dizeli vile! Mwanyumba alidai alikuwa anapita tu. Anapita kwenda wapi? Barabara inaishia pale. Akaunusa mfuniko wa tangi, akaniangalia, nikaangalia mawingu. Akatoa kamba.

Mama alikuwa nje na begi lake, kitenge kipya, majirani wamejaa mlangoni. Nikaingia kwake nikivutwa kama mbuzi. Nikamwamkia, nikamwambia Mama, gari limepata hitilafu kidogo, panda ya Mwanyumba. Akakataa! Akasema amewaambia hawa wote kwamba mkwe wake, baba wa mjukuu wake, anamjia na gari lake. Basi atapanda gari hilohilo, liwe zima liwe bovu.

Akapanda. Tukateremka, Mwanyumba mbele polepole, kamba katikati, mimi nakanyaga breki kwa miguu yote miwili, maana injini ikizimika nayo inakuwa ngumu kama jiwe. Jasho linanitiririka. Mama akatoa leso, akanifuta uso, akaniambia taratibu mwanangu, mtoto hatakimbia. Nilitaka kulia.

Tulipofika, mke wangu akatoka mbio bila viatu. Gari hakuliona, kamba hakuiona, mimi hakuniona. Akamkumbatia mama yake dirishani kabla sijafungua mlango. Ndani, Mama akamshika Mheshimiwa, akamnusa utosi. Mheshimiwa hata hakulia. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikatoka nje kuangalia matairi.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kaja na mapipa, kamwaga tangi lote, kasafisha, kabadilisha chujio. Pampu imenusurika. Kaniuliza nani kafanya ukatili huu. Nikasema siku hizi wahudumu hawako makini.

Mwanyumba amewaambia watu wote kwamba ilikuwa betri. Wote! Mpaka mkewe. Mtu hawezi kuwa mwema kiasi hicho bila sababu. Ana lake jambo. Namchunguza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Inyeshe! Mama yuko hapa, barabara ifunguke ifungwe, haondoki. Anamwogesha Mheshimiwa, anamwimbia, na mke wangu amelala mchana kutwa, kaamka anauliza leo ni siku gani. Sijamwona mzuri hivi tangu harusi yetu.

Mchana kijana wa jirani yake Mama kule kilimani akapiga simu. Anataka kununua fowili yake ya kwanza na amechanganyikiwa. Mama amemwambia asisumbuke na mafundi, mkwe wake ndiye mjuzi wa mambo haya. Mimi! Nikakaa vizuri kwenye kiti. Akaniuliza kwa adabu, kaka, petroli au dizeli?

Nikamwambia petroli, bila kufikiri mara mbili. Na asinisikilize mimi tu, amuulize Mama. Tuliteremka kilima kizima kwa gari langu, na injini haikusikika hata kidogo.