Roboti Mwenye Bomba Mgongoni

Jumatatu, 2 Juni 2008
Nimepata akili. Si mara ya kwanza, ila hii ni kubwa.

Jana baada ya misa Benedikta, jirani yangu, kaweka tena simu ya mwanawe kwenye spika. Kila Jumapili hivyo hivyo. Uwanja mzima wa kanisa tusikie kijana wa Ujerumani akiuliza mama kala nini. Kala ugali! Angekula nini? Halafu akanigeukia kwa huruma, akasema mwanawe anayo namba ya Generoza wangu kule Uswidi, nikitaka nipige. Nikamwambia sipigi. Mwenye kuja ndiye husalimu, mwenye mji huitikia. Ndivyo Wasukuma tulivyo. Generoza ndiye mtoto, kaondoka mwenyewe, huu mwaka wa nane. Aanze yeye.

Sasa akili yenyewe. Milembe, mwenye duka la intaneti hapa Bariadi, anasema kitu ukikiweka mle kinaonekana dunia nzima. Uswidi je? Hata Uswidi. Basi nitaweka katuni! Roboti anatembea kwenye sayari nyingine. Mgongoni ana bomba la kupulizia dawa ya pamba, limebonyea ubavuni. Aliyelibonyeza ni Generoza, akiwa na miaka tisa. Alilivaa akazunguka mji akisema yeye ni mtu wa chuma, katoka kwenye nyota. Nilimchapa. Akiliona tu atalijua. Atasalimu. Na mimi sitakuwa nimeanza!

Jumanne, 3 Juni
Nimechora. Kalamu niliishika ukubwani, kwenye kisomo, na cheti ninacho. Roboti anashuka, anapiga magoti mbele ya mlango wa mji mmoja wa udongo mwekundu. Wenyeji wana macho matatu. Milembe kaiingiza picha kwenye mashine. Malipo yake bakuli la michembe, viazi nilivyokausha mwenyewe. Kauliza wazo la bomba nimelitoa wapi. Nikamwambia mambo ya sanaa hayaulizwi.

Alhamisi, 5 Juni
Picha tatu mpya. Roboti bado kapiga magoti. Milembe analalamika. Anasema watu wa Dar wameandika chini yake: huyu anachunguza sayari au anasubiri uji? Nikamwagiza awajibu kwamba mgeni haingii mji wa watu akaanza kupekua mawe. Asalimu kwanza. Aulizwe ukoo, aulizwe ng'ombe, aulizwe mvua ya kwao. Sayari ile si choo cha stendi!

Nikauliza kwa mbali kama yupo aliyeandika kutoka Uswidi. Hakuna. Nikasema nimeuliza tu.

Ijumaa, 6 Juni
Uharibifu! Milembe kampa roboti bunduki ya moto bila ruhusa yangu, na bomba kalifuta. Eti linafanana na kibuyu. Nimefoka mpaka waliokuwa wakiandika barua za kazi wakahama viti. Bila bomba huyo ni bati tu! Karudisha, kanuna. Umeme ukakatika hapo hapo. Nikabaki mbele ya kioo cheusi, sura yangu imo ndani. Bibi kizee mmoja, kitambaa kimekaa upande. Nikasubiri hadi saa tisa. Haukurudi.

Jumapili, 8 Juni
Benedikta na spika yake. Leo kijana kauliza hali ya mbuzi. Mbuzi! Nikawatangazia wote kuwa mimi nina katuni inayosomwa Uswidi. Benedikta akaniuliza taratibu, mama Generoza, hivi kweli mwanao aliondoka bila kuaga? Nikasema bila kuaga.

Daftari hili halisomwi na mtu, niandike. Alfajiri ile alipiga magoti mlangoni, begi pembeni. Akasema Mwangaluka, mayu, salamu yetu ya asubuhi kwa mama, nayo huitikiwa Mwangaluka. Nilikuwa macho. Nilikuwa na hasira, pamba imejaa shambani na yeye anakwenda kupanda basi. Nikageukia ukutani, nikavuta shuka. Akasalimu mara tatu. Kisha nikasikia viatu vyake uani, vinakwenda, vinasimama, vinakwenda.

Lakini kuaga gani huko? Mwenye adabu angesubiri.

Jumatano, 11 Juni
Milembe kanifuata shambani kwa baiskeli, anahema. Kuna maneno kutoka nje! Kikapu cha pamba nimekiacha juani. Dukani nikamwambia asinisomee, kusoma najua. Jina hakuna. Yameandikwa hivi:

Hilo bomba nalijua, hapo palipobonyea ni kazi yangu. Roboti alishasalimu, tena kwenye picha ya kwanza. Wenyeji ndio hawajamwitikia. Mwangaluka, mayu.

Nikasoma mara sita. Milembe akauliza kama ninalia. Nikasema vumbi la pamba. Akanionyesha pa kujibu, akasema neno moja linatosha, bibi, hata moja tu. Kidole changu kikafika juu ya herufi M, ya Mwangaluka. Kikakaa hapo. Kikakaa mpaka mteja mwingine akaomba kiti.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefikiri vizuri. Salamu ile ilikuwa fupi. Hakuuliza ng'ombe, hakuuliza mvua. Hata yule wa Ujerumani anauliza mbuzi! Sijui huyu mtoto alifundishwa na nani.

Nimechora picha mpya. Roboti anarudi nyuma hatua kumi, anakuja upya, anapiga magoti yote mawili, anasalimu polepole. Nyuma ya mlango nimemweka mwenyeji mmoja, bibi. Kajifunika shuka, ila macho yote matatu yako wazi, na mdomo umeshaanza kufunguka.

Milembe kasema mimi ni jiwe. Nikampa michembe yake.

Kesho nitakuwa mlangoni pa duka lake kabla hajafungua. Aanze yeye.