Siku Nilitembeza Batoto Mu Bukavu

Siku ya tatu, tarehe 3 juillet 2024

Eulalie alikuya huku kijijini kwetu Miti na taxi. Ni mukubwa ya marehemu muke yangu. Parfum yake ilifukuza kuku. Anataka kulelea batoto yangu kwake Bukavu. Ati mwanaume peke yake hawezi. Nsimire iko na miaka kumi na moja, Martine sita. Tangu mama yao alikufa, ni mimi nabasuka nywele. Vibaya, lakini nasuka.

Familia ilikata shauri: siku ya Mungu, kisha misa, batoto wenyewe batasema banataka kukaa kwa nani.

Eulalie alishaanza kubanunua. Ku Pasaka alibapeleka Lwiro kuona sokwe. Alilipa! Mimi nafukuza makaku mu mahindi kila siku, na hakuna mutu ananipigia makofi.

Siku ya ine, 4 juillet

Nimepata mupango. Kesho kutwa nabatembeza Bukavu.

Shida: Bukavu naijua kwa mizigo tu. Hapa nilibeba muchanga, pale mawe. Njo nikafikiri ile nyumba ya étage banajenga kule Nguba, mu muji. Ukiwa juu unaona ziwa, Rwanda, kanisa, yote mara moja. Hakuna kulipa, hakuna kuchoka. Akili!

Jirani Didier alinikopesha casque ya kichwa na gilet ya bajengaji ya chantier. Akasema niombe tu sentineli ya mulango, nimuambie niko papa ya batoto, nataka baone ziwa. Didier hajui batu ya muji.

Nsimire aliuliza nitaingia namna gani. Nikamuambia mimi njo chef pale. Aliniangalia vile hajaniangalia tangu zamani. Nzuri sana.

Siku ya posho, 6 juillet

Mubaya.

Sentineli aliona casque, akafungua. Nsimire alinishika mukono. Martine alimuambia sentineli kama papa yake njo chef. Sentineli alikohoa.

Tulipanda ngazi ya kwanza. Kapita, musimamizi ya kazi, muzee moja banamuita Zagabe, akapiga kelele: "Ee! Saa hii njo unafika kazi? Na unatuletea batoto ya école maternelle?" Nilifungua kinywa. Njo nikasikia anauliza kama ni mimi ule mwizi wa juma ilipita, aliingia na casque akatoka na vyuma. Nikafunga kinywa. Nikachukua karai.

Mortier, simenti na muchanga na maji. Toka chini mpaka ghorofa ya tano. Mara makumi ine! Ziwa niliiona mara makumi ine. Batoto hata moja. Zagabe alikataza bapande, ati bataanguka. Balikaa juu ya muchanga toka saa tatu mpaka saa kumi na moja.

Kila nikipita, Zagabe: mbiyo, konokono! Na mimi: ndiyo papa, ndiyo papa. Martine aliuliza juu ya nini banatukana chef. Nsimire alimuambia akule muhogo yake.

Mwishoni Zagabe alinisifu. Ati nabeba vizuri, nirudie siku ya kwanza.

Tukarudi Miti.

Siku ya Mungu, 7 juillet

Nyumba ilijaa familia. Eulalie alileta gâteau ya sukari, muchawi ule. Baliuliza Martine aliona nini Bukavu. Akasema: muchanga. Balicheka mpaka machozi. Hata mukubwa yangu Floribert, mwenye aliahidi kunitetea.

Nsimire hakucheka. Alisema anaenda kwa tantine Eulalie, na mudogo yake pia. Nikamuuliza kama anaona haya juu nabeba mizigo. Akasema mizigo anaijua, ni yeye anafua mashati yangu. "Lakini papa, uliniambia uko chef. Niliambia barafiki yote ku robinet, kwenye tunachota maji."

Nilifunga mabegi yao mimi mwenyewe. Eulalie anasema nisifike mwezi muzima, bazoee kwanza.

Siku ya ine, 11 juillet

Nyumba iko kimya mubaya. Nilienda Bukavu.

Kwa Eulalie kuko portail, mulango mukubwa ya chuma. Sentineli aliuliza mimi ni nani. Kusema "papa ya batoto" ni rahisi. Lakini alikuwa anaangalia viatu yangu. Nikasema niko ingénieur ya maji.

Akafurahi! Ati bananingojea juma mbili. Akanipatia beleshi, akanionyesha bomba imepasuka nyuma ya jikoni. Nilichimba mpaka maji ilifika ku magoti. Mu dirisha nilisikia Martine anacheka. Kisha Nsimire akatoka inje, akasimama karibu na shimo. Nikainamisha kichwa. Akasimama sana. Akaenda.

Nilipoinua kichwa, sahani iko pembeni ya shimo. Fufu na samaki ndogo ya sambaza, pilipili upande, vile napenda.

Bahati! Hakunijua hata kidogo.

Kesho narudia. Sentineli ananiita Ingénieur.