Nyumba Yenye Joto Kuliko Zote

Jumatatu, 12 Mei
Ahmedabad inachemka! Kunguru wanatembea kwa miguu. Kampuni ya vigae imetangaza msaada wake kwa mtaa wetu. Mwaka jana walitugawia mablanketi. Mwaka huu joto limewafungua macho: watapaka mabati rangi nyeupe, jua lirudi lilikotoka. Mungu awabariki! Ila rangi inatosha nyumba kumi tu, zile zenye joto kuliko zote. Mimi sikusoma, lakini joto nalijua. Mjukuu wangu Diya ana siku arobaini, mwili mzima harara, siku ya tatu halali. Lazima tupate. Jirani yangu Jashodaben anatangaza kwamba kwake ndiko tanuri. Mwongo! Ana kivuli cha mwarobaini dirishani. Nina mpango. Mzee wangu, baba watoto, kasema niache hila. Kasema huku mdomo umejaa.

Jumanne, 13 Mei
Diya na mama yake nimewapeleka kwa Jashodaben. Nikafunga madirisha, nikawasha jiko la mkaa ndani, nikachoma chapati arobaini. Saa nane akaja mpimaji wa kampuni, Ketanbhai, kijana mwembamba, ana adabu. Akasema, napima tu, Ba, yaani mama, naondoka. Nikamwambia kwangu mgeni haondoki koo kavu, kaa! Nikampa mtindi wa chumvi. Glasi ya pili, joto likamlaza chali! Tukamkokota hadi kwa Jashodaben, naye akaniuliza kama siku hizi napika na watu. Kijana alipozinduka akasema nyumba yenye jiko linalowaka haihesabiwi. Atapima upya kesho. Bado ananiita Ba! Moyo gani huo!

Jumatano, 14 Mei
Jiko nimezima. Nilitakiwa kukaa kimya tu. Lakini ningemwacha mtoto wa watu aanguke tena? Nikatundika magunia mabichi mlangoni, nikamwaga maji sakafuni, ndoo nne. Ketanbhai akaingia, akashusha pumzi, akanishukuru sana. Akatoa kipimo. Thelathini na tano! Kwa Jashodaben, arobaini na moja. Yeye wa kumi, mimi wa kumi na moja. Nililia barabarani, sikujificha.

Alhamisi, 15 Mei
Wapakaji wamekuja na ngazi. Jashodaben kawasimamisha, kawaamuru wapake bati langu, lake waliache. Ketanbhai akauliza sababu. Jashodaben akajibu kwamba yeye ana mti, na kilio cha Diya kinampasua kichwa. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mwanamke! Hata kudanganya hujui!" Nikamkumbatia, jasho kwa jasho. Akasema nimwachie, nanuka moshi. Mchana Diya kalala masaa manne mfululizo. Nimekaa namtazama, chozi linanitoka. Asante, kampuni. Asante, Jashoda, mdomo wako pilipili.

Ijumaa, 16 Mei
Diya bado analala. Nimewapelekea wapakaji maembe. Ketanbhai kanidokeza kwamba Jumatatu kampuni inaleta feni. Jashodaben kaniapisha pale pale kwamba sitafanya hila tena maishani. Nimeapa kwa moyo wote.
Feni ni za wajane tu. Mzee wangu yupo, mzima, anakula embe.
Nimemtazama sana.