Dawa ya Magoti Kutoka Bumbuli

Jumatatu, 1 Desemba

Bahati imefika leo, imefungwa kwenye bahasha ya kaki! Kondakta wa basi la Bumbuli alimkabidhi jirani yetu, Mzee Semboja, naye akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa peke yangu nyumbani. Ni majani ya chai kutoka kwa Shangazi Josefina, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai huko. Si ya unga tuliyozoea. Ni ya kijani, yamejikunja kama punje za pilipili manga, yananukia nyasi mbichi. Maelezo ya kupika hakuna. Shangazi ameandika tu kwamba anakuja Jumapili, tutayanywa pamoja.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Bibi atasema nani kati yangu na Lea atapanda milimani na Shangazi kwa likizo. Mmoja tu, maana magoti ya Bibi hayaruhusu aachwe peke yake. Mwaka jana alikwenda Lea. Mwaka juzi, Lea. Lea ni mtoto wa baba mkubwa, na akichemsha chai yake ya maziwa na iliki, Mzee Semboja hukumbuka ghafla kwamba anahitaji kuazima nyundo. Mimi milima naiona kila nikianika nguo. Sijawahi kuikanyaga.

Mpango: nifiche bahasha, nijifunze chai hii kwa siri, Jumapili nimshangaze Shangazi. Ataniombea kwa Bibi mwenyewe!

Mwalimu Rhoda anasema kila ukurasa wa shajara uwe na shukrani. Asante, Mungu, kwa kondakta mwaminifu.

Jumanne, 2 Desemba

Jaribio la kwanza. Vijiko vinne vilivyojaa, maziwa, tangawizi, sukari. Nikachemsha mpaka ikakolea, kama watu wote wenye akili wanavyofanya. Kosa! Majani yalifunguka, yakafunguka tena, yakainua mfuniko. Rangi ya maji yaliyooshewa jembe. Uchungu ulinifumba jicho moja.

Lea akarudi na ndoo kutoka bombani. Akachungulia, akauliza kwa nini mboga nimeiunga kwa maziwa badala ya nazi, na je, asonge ugali? Nikasema ni kazi ya sayansi. Sufuria nzima nimeumwagia mgomba. Nashukuru mgomba hausemi.

Jumatano, 3 Desemba

Nilimwuliza Mwalimu Rhoda kwa niaba ya rafiki yangu mmoja. Akasema huyo rafiki asiyachemshe kabisa. Maji yakichemka ayaepue, ayaache yatulie, ndipo ayamwage juu ya majani kidogo, afunike, asubiri. Bila maziwa. Bila sukari! Nilimhurumia huyo rafiki.

Jioni nilifuata kila neno. Ikatoka chai ya manjano, nyepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Nikaonja. Mwanzo sikuona kitu. Nilipokwisha kumeza, utamu mdogo ukarudi wenyewe kwenye ulimi, kama mgeni aliyesahau kuaga. Nilishukuru kwa moyo wote.

Bibi akaingia. Akatazama kikombe: majani mazima, maziwa hakuna, sukari hakuna. Hapa Kilole kinywaji cha namna hiyo kina maana moja. Akauliza nani anaumwa. Lea alikuwa mlangoni, masikio wazi. Siri ingevuja! Bibi akauliza tena: au nimemtafutia dawa ya magoti? Nikainamisha kichwa kwa heshima. Kuinamisha kichwa si kusema uongo.

Bibi akanywa yote kwa mkupuo, akakunja uso. "Dawa kweli hii," akasema. "Mungu akuzidishie, mjukuu wangu."

Alhamisi, 4 Desemba

Bibi amekwenda sokoni na kurudi bila fimbo!

Kwa hiyo Mzee Semboja amekuja na kikombe chake. Alikata mkonge Ngombezi ujana wake wote, na yeye ana magoti. Nyundo hakuitaja. Alilalamika kwamba dawa haina uchungu wa kutosha. Bibi akamjibu kwamba uchungu anao yeye mwenyewe, anywe.

Nilijaribu kueleza kwamba ni chai. Bibi akacheka sana. Chai anaijua, akasema, alianza kuinywa Handeni kabla baba yangu hajazaliwa.

Jumamosi, 6 Desemba

Jana walikuja wagonjwa wapya. Leo dada yake Bibi amepiga simu kutoka Handeni. Habari zimemfikia, anataka awekewe yake. Bahasha imebaki vumbi! Na kesho Shangazi!

Mpango mpya: makapi ya jana nimeyaanika kwenye ungo, juu ya banda la kuku. Kuku mmoja alionja. Hakurudia. Namshukuru kwa kuniachia.

Jumapili, 7 Desemba

Nilimwandalia Shangazi makapi. Akanywa, akafumba macho. Nikajua nimekwisha. Akasema maji ya pili juu ya majani yaleyale ndiyo matamu kuliko ya kwanza, na kwamba hata kwao wengi hawajui hilo. Kisha akamwambia Bibi, mbele ya Lea, kwamba likizo hii anamtaka Ritha.

Mimi! Mpango wangu, neno kwa neno!

Bibi akaweka kikombe chini. "Josefina, huna huruma? Daktari wangu umchukue, magoti umwachie nani?"

Shangazi akasema hii ni chai, mama, mimi mwenyewe ndiye niliyeituma. Bibi akamwambia asimfundishe dawa.

Anakwenda Lea. Alinishukuru, tena kwa dhati, na hilo ndilo lililoniuma. Shangazi ameniachia mfuko mkubwa wa majani.

Jumatatu, 8 Desemba

Lea ameondoka. Asubuhi tuliketi kizingitini, mimi na Bibi, kila mtu na kikombe chake. Alinisimulia alivyokuwa msichana Handeni, akikimbia kuliko kaka zake. Hajawahi kumsimulia Lea. Nilishukuru, na sikulazimishwa na Mwalimu.

Lakini kosa nimeligundua: daktari alikuwa mmoja tu! Nikamwambia Bibi kwamba kwa magoti mimi natosha, ila dawa hii kwa mgongo inataka mkono wa Lea. Kwa hiyo likizo ijayo Lea abaki, mimi nipande. Bibi alifurahi mno. Akasema basi likizo ijayo haendi mtu, mmoja wa magoti, mmoja wa mgongo, na dada yake atahamia hapa kwa matibabu.

Sijakata tamaa. Jioni nimeanza kumfundisha Mzee Semboja kuandaa dawa, ili awe daktari badala yangu. Amekubali papo hapo. Ameuliza jambo moja tu, kama inaruhusiwa kutia maziwa na iliki.

Nimemwambia inaruhusiwa. Asante, Mungu. Safari hii hakuna kitakachoharibika.