Kila Kilichomo Kwenye Modeli

Manispaa ilitangaza, kwa spika mbili zilizofungwa juu ya gari la maji taka, kwamba mtaa wa nyuma ya soko umeendelea. Haikusemwa kwamba utaendelea. Umeendelea, tangu Jumatatu, na waliochelewa kupata habari waliombwa wawe watulivu.

Zamani wakazi wa mtaa huo walikuwa wanauza barazani na kulala chumba cha nyuma, jambo lililoitwa uholela. Sasa kulikuwa na jengo jipya ambamo watu wangeuza chini na kulala juu. Hayo yaliitwa Matumizi Mchanganyiko.

Ili mambo yasiharibike, Mkurugenzi alitoa waraka. Jengo na barabara yake vilikuwa vimetengenezwa kwa kadibodi, vidogo vidogo, vikawekwa mapokezi ya jengo lenyewe, ndani ya sanduku la kioo. Hiyo ndiyo modeli. Waraka ulisema kila kilichomo kwenye modeli kiwepo mtaani, na kisichokuwemo kiondoke. Mkurugenzi akaipiga modeli muhuri: IMEKAMILIKA.

Kazi ya kulinganisha alipewa Afisa Ulinganifu, ambaye mtaani aliitwa Rula kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula. Aliipenda kazi yake. Ndani ya modeli mlikuwa na watu wa plastiki: mwanamke mwenye kofia, mtoto mwenye puto, mwanamume mwenye baiskeli, na mbwa wa kahawia. Rula alitafuta mmoja mmoja. Mwenye kofia aliajiriwa. Mtoto alipatikana baada ya saa za shule. Mbwa aliacha kazi mara mbili, akabembelezwa kwa mifupa. Ni nafasi ya mwenye baiskeli tu iliyokosa mwombaji.

Tatizo lilikuwa mama mkwe wa Rula.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Alikaa mbele ya mlango wa jengo, chini ya mwavuli mwekundu, mahali alipokaa kabla jengo halijawaziwa. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlea na kumsomesha mke wa Rula. Mkurugenzi alitaka aondoke kabla ya Ijumaa, la sivyo Rula aache kazi. Mke wake naye alisema, huku anakunja nguo kwa utulivu wa kutisha, "Ukimwondoa mama, unitoe na mimi kwenye hiyo modeli yako."

Alhamisi Rula alikwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima tena?"

"Hapana, mama. Kuna waraka."

"Haya, soma."

Alisoma huku ameinamia kanyagio la cherehani. Tangu aoe hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni, na hakuona kwa nini aanze siku ile.

"Kwa hiyo mimi hawakuniweka," mama alisema.

"Hawakukuweka, mama."

"Na yule mbwa?"

"Yumo."

"Basi nipeleke. Nikaone mbwa alivyonizidi."

Mapokezi, mfanyausafi alikuwa ameinua kioo anapangusa vumbi. Mama alivaa miwani, akainama.

"Mlango ndio huu?"

"Ndio, mama."

"Na hapa mbele?"

"Hapo ni wazi. Mkurugenzi huegesha gari lake hapo, ila magari hayakuwekwa. Yanaharibu mandhari."

"Ahaa," mama alisema, akachomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake. Mkono mwingine ulikuwa umeshazama kwenye mkoba, penye vifungo.

Kwa heshima impasayo mkwe, Rula aliinua macho akatazama dari. Lilikuwa dari zuri. Akalitazama kwa makini, mpaka aliposikia tiki, kama kitu kinachochoma kadibodi.

"Asante, mwanangu. Nimeridhika."

Mfanyausafi, ambaye naye alikuwa amepata kitu cha kupangusa dirishani, alirudisha kioo. Rula akakifunga kwa ufunguo.

Ijumaa Mkurugenzi alifika na walinzi.

"Mwavuli bado upo?"

"Upo, Mheshimiwa, kwa sababu umo."

Wakaenda kuangalia. Mbele ya mlango wa kadibodi palikuwa na kitu chekundu, cha duara, kimesimama juu ya mguu mwembamba.

"Hiki ni kifungo!"

"Kwa macho, Mheshimiwa, ni kifungo. Kwa kipimo cha modeli ni mwavuli," Rula alisema, akiweka rula juu ya kioo. "Tena mkubwa kuliko wa kwake. Manispaa itabidi inunue mwingine."

"Nani amekiweka?"

"Sikuona." Ulikuwa ukweli mtupu.

"Kitoe!"

"Ningekitoa, Mheshimiwa. Lakini muhuri wako unasema modeli imekamilika. Tukisema kuna kilichoongezwa, tutakuwa tumesema muhuri haufai. Na ni muhuri huo huo uliompa shemeji yako maduka sita."

Mkurugenzi alikitazama kifungo. Kifungo nacho, kwa matundu yake mawili, kikamtazama.

"Basi kibaki," akasema.

"Nashukuru. Sasa kuhusu gari lako."

"Limefanya nini?"

"Halimo."

Gari likavutwa siku hiyo hiyo, na walinzi wakapiga saluti likipita. Jumatatu walinzi hao hao walimzuia Mkurugenzi mlangoni mwa jengo. Walikuwa wamesoma waraka, wakatazama modeli upande hadi upande, hawakumwona. Rula aliitwa. Alisikitika sana, akafungua faili, akasema nafasi iliyo wazi ni moja tu.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi mtaa ulimwona Mkurugenzi, amevaa suti, ameshika baiskeli mbele ya duka la shemeji yake, huku Rula akimrekebisha: "Kushoto kidogo, Mheshimiwa. Uso uelekee vigae vya duka." Mnyororo ulikuwa umemng'ata mguu wa suruali na kuuchana hadi gotini.

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Juu yake ulitanda mwavuli mpya, mpana kama paa la kibanda, wenye nembo ya Manispaa.

"Pole, baba. Hiyo inashoneka," alisema. "Ila foleni inaanzia kule, nyuma ya mbwa."