Mlishe Mchunga

Jumatatu, 6 Mei
Mke wangu alikufa Jumatano. Mshipa wa kichwa ulipasuka. Tumezika. Kaacha mtoto wa miezi saba. Tunamwita Bosi, maana haombi, anaamuru. Msimamizi kazini kanipa likizo ya wiki. Mama mkwe kasema Bosi akikataa kula mkononi mwangu, Jumapili anaondoka naye. Thubutu!

Jumanne, 7 Mei
Kliniki. Vyumba vyote vinalia. Nesi kasema maziwa ya kopo yaendelee, na chakula laini. Halafu akasema mlishe mchunga. Mchunga! Ile mboga chungu hata mimi naitema. Lakini nesi kasoma. Mimi nani nibishe?

Jumatano, 8 Mei
Nimechemsha, nimeponda. Mkono umezoea zege, nusu sufuria itoboke. Mpango: nitie asali, Bosi asishtuke. Mama mkwe kaninyang'anya chupa. Kasema asali ni hatari kwa mtoto asiyefika mwaka, we baba Bosi, unataka tuzike tena? Nikanywea. Yule mama ana macho kisogoni! Bosi kaonja bila asali. Kanitemea jichoni. Ana shabaha.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeenda kulalamika. Nesi kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe alisema mlishe, mchunge! Yaani nimwangalie asipaliwe. Aibu. Ila kasema mboga yenyewe si mbaya. Ichemke sana, maji machungu nimwage, iwe laini kabisa, isitiwe chumvi. Ncha ya kijiko tu. Kitu kipya kimoja kimoja, nitazame vipele na tumbo. Akikataa nisimlazimishe, nijaribu siku nyingine. Mtu anakucheka na bado anakufundisha. Nesi wa kweli.

Jumapili, 12 Mei
Begi la Bosi liko mlangoni. Nimechemsha, nimemwaga, nimeponda mpaka ikawa kama rangi ya ukuta. Bosi kakaa wima. Kakunja uso vilevile kama mama yake akinusa soksi zangu. Nikajua basi, kwisha.
Kameza.
Kafungua mdomo tena! Nimelia mbele ya mkwe, mwanamume mzima. Mama mkwe kaenda mlangoni. Kafungua begi, nguo za Bosi kazirudisha kabatini. Halafu kaleta begi lake. Kasema anahamia, maana hapa kuna watoto wawili.
Mwanamke huyo!
Nikamwambia mkwe, Bosi sasa kaiva, kesho tumwonjeshe pilipili. Kanirushia mwiko. Nikauliza, je, tangawizi? Kanirushia kifuniko. Havikukosa. Sasa najua Bosi shabaha kairithi wapi.
Nitajaribu mkwe akilala.
Kesho narudi kazini.