Motakaa ya Bwana Mpira Inavuja

Jumatatu, 2 Juni 1913
Leo nimeiona motakaa kwa karibu. Subhanallah! Gari la mizigo, kuukuu, rangi imebabuka, lakini linakohoa lenyewe kisha linakwenda bila ng'ombe! Ni la Bwana Mpira, Mdachi mwenye shamba la mpira njia ya Kingolwira. Mrija wa mafuta umepasuka, anatafuta fundi. Severini, mhunzi wa Kiluguru aliyelelewa na mapadri, alikuwa ameshafika na nyundo yake. Nikamwahi. Nikamwambia Bwana kwamba mimi Stambuli, fundi cherehani wa mjini, mirija naijua tangu tumboni mwa mama. Amenikubali! Mke wangu Mwanaheri ameuliza cherehani ina mrija upande gani. Wivu tu.

Jumanne, 3 Juni
Nimeziba ufa kwa utomvu wa mpira wa shambani kwake mwenyewe. Pakavu kabisa! Bwana amefurahi mno, mpira wake umetibu gari lake. Ameahidi kuniajiri moja kwa moja. Nimepita mbele ya banda la Severini mara kadhaa, polepole. Hakuinua kichwa.

Jumatano, 4 Juni
Balaa. Mpira umekuwa uji. Kumbe mafuta haya yanauyeyusha! Tone, tone, tone. Na ajabu yake: yanaanguka mchangani, ukigeuka ukatazama tena, hakuna kitu. Samli huacha doa, maji huacha tope. Haya yanapaa! Yanakwenda wapi? Nimechuchumaa nikiyatazama mpaka kichwa kikaniuma. Bwana akanikuta. Nikamwambia ni jasho, gari likishatibiwa hutoka jasho. Akanikazia macho, akasema kesho tunasafiri, na likivuja nitapelekwa bomani nikale viboko hamsa ishirini. Nimeufunga mrija kwa kanga ya Mwanaheri. Hajui.

Alhamisi, 5 Juni
Asubuhi tukaondoka kwenda stesheni ya Kingolwira. Mimi nyuma, kifudifudi, nimeshika sufuria chini ya mrija. Ghafla nikainua macho. Milima ya Uluguru inakimbia! Mlima mzima, na mawingu yake, unarudi nyuma, mimi nimelala tu! Machozi yalinitoka. Nikasahau sufuria, mafuta yakachora mstari barabarani.

Bwana akasimamisha gari, akashuka, akatembea nyuma kunyoosha miguu. Akawasha kiko. Akatupa njiti ya kiberiti.

Sijapata kuona moto wa namna ile. Wa buluu, mwembamba, hauna moshi. Ukaufuata mstari, unatembea kama mtu aliyetumwa, unakuja kwetu! Bwana anapiga kelele za Kidachi. Mimi mdomo wazi. Ulikuwa mzuri, Mungu anisamehe.

Severini alikuwa anakuja njiani, amebeba majembe ya kuuza. Akachomoa moja, akaanza kukata barabara mbele ya moto. "Stambuli! Mwaga mchanga! Mwaga!"

Nikamwaga. Nilichokuwa nacho mkononi ni ile sufuria ya mafuta.

Moto ukaruka juu kuliko mgomba. Nilisikia nyusi zangu zikiondoka. Severini akanivuta kwa shingo ya kanzu, akarudi kufukia. Moto ukafa hatua chache kutoka kwenye gari.

Ijumaa, 6 Juni
Bwana alitaka nipelekwe bomani. Severini akamwomba aniache, akasema uso wangu umeshaadhibiwa. Nikamwambia ahsante, ndugu yangu. Akacheka, akanipa maji. Sasa fundi wa motakaa ni yeye. Ameweka mrija wa shaba. Hauvuji. Nimechungulia.

Jumapili, 8 Juni
Mwanaheri amenichora nyusi kwa wanja. Amesema anamshukuru Mungu kunirudisha mzima, na sasa nishike cherehani yangu nitulie. Nikakubali kwa moyo wote.

Mchana nimesikia saa kubwa ya Mgiriki mwenye duka karibu na stesheni ya hapa mjini imesimama. Nimekwenda mbio kumwambia saa nazijua tangu utoto. Amenikubali! Mwanaheri ameniuliza kama nimewahi kuona ndani ya saa. Nimemjibu: ndani ya saa mna nini cha kunishinda? Ni wakati tu.